Robo ya Tatu ya Namba Thelathini na Moja

Siku ya usaili meneja alinionyesha video ya sekunde kumi na mbili, kisha akaniuliza mpira umekwenda kwa nani. Nikamjibu kwamba sijui. Watu watatu walikuwa wamepita mbele ya kamera, na mpira ulipoonekana tena ulikuwa mikononi mwa mtu wa nne kabisa. Nikamwambia kama ana picha iliyochukuliwa upande wa pili aniwekee, ndipo nitamjibu. Nilirudi nyumbani Thornton Heath, kusini mwa London, nikamwambia mume wangu kwamba kazi hiyo tuisahau. Kesho yake nikapigiwa simu niende kuanza. Baadaye sana niliambiwa kuwa waombaji wengine wote walikuwa na jibu, na kila mmoja alimtaja mtu wake.

Sasa nimestaafu, nanyi mliobaki katika chumba kile mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla yenu. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Zingejaza mistari miwili, na wa pili ungekuwa wa malalamiko. Nitaandika niliyoyaona, kwa kuwa kuona ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Kabla ya London nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga, na jioni nilikuwa mwamuzi wa netiboli. Filimbi ilinifundisha jambo moja, kwamba haipulizwi kwa sababu ya kelele za watu. Mashabiki huona faulo kabla haijatokea. Nilipokuja Uingereza kumfuata mume wangu nilitunza wazee kwa miaka kadhaa, halafu nikaona tangazo la kampuni iliyokuwa ikitafuta watu wenye jicho na subira. Halikutaja michezo. Nilidhani ni kiwanda cha kukagua nguo.

Ofisi ilikuwa Farringdon, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Katika miaka yangu yote pale hakuna aliyeona kichekesho katika hilo isipokuwa mimi na Bwana Gurdeep, ambaye nitamweleza sasa hivi. Meneja aliitwa Helen, Mwingereza mwembamba aliyekuwa akinywa maji ya moto matupu na kuongea kwa sauti ya maktaba. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya skrini mbili akanieleza kazi kwa ufupi. Kule Australia kuna mpira wao wenyewe, si huu wetu wala si ragbi. Mechi za ligi ya kulipwa huchezwa Ijumaa mpaka Jumapili. Watu wao huandika kila teke papo hapo uwanjani, na kwa haraka ile lazima wakosee. Sisi tunakuja Jumatatu asubuhi, wao wakikaa kula chakula cha jioni, tunaipitia wikendi nzima upya, mechi baada ya mechi, teke baada ya teke. Wakiamka Jumanne, wikendi yao imeshasahihishwa na iko mezani.

Kwa mwalimu hii haikuwa kazi ngeni. Ilikuwa kusahihisha madaftari, tofauti ni kwamba madaftari haya yalikuwa yanakimbia.

Saa ya kwanza sikuelewa chochote. Niliona wanaume wenye jezi zisizo na mikono wakirukiana mabegani kudaka mpira wa umbo la yai, halafu mwamuzi anaudunda chini kwa nguvu zake zote kana kwamba umemkosea. Nadhani nilisema "jamani" kwa sauti. Mzee aliyekaa meza ya pili, mwenye kilemba cha rangi ya kahawia na sweta la mikono mirefu, aligeuka akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi. Nikasema Tanga. Akasema yeye ni wa Kisumu, na kwamba sasa walau mchana ataongea lugha ya watu.

Huyo ndiye Bwana Gurdeep. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa na kusomea Kisumu, akacheza mpira wa magongo ujanani, na alikuwa akiishi Southall na mkewe. Alipojua nilikuwa mwalimu hakuniita tena kwa jina. Kila nilichokijua kuhusu mchezo ule alinifundisha yeye, kwa Kiswahili, katika chumba cha Waingereza wanaohesabu mpira wa Waaustralia.

"Hii mchezo si ngumu, Mwalimu," aliniambia. "Ngumu ni kuamini."

Alinichorea uwanja kwenye karatasi, mviringo mrefu kama sinia la pilau. Watu kumi na wanane kila upande. Robo nne. Kila mwisho wa uwanja nguzo nne zimesimama. Mpira ukipita kati ya zile mbili ndefu ni goli, pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, unapata pointi moja. Nikamuuliza hiyo moja ni ya nini. Akasema ni ya kukosa. Nilicheka mpaka Helen akainua macho. Kwetu ukikosa unazomewa. Hawa wanakuandikia pointi. Bwana Gurdeep alisema amewaza jambo hilo miaka sita na hajapata mtu wa kumweleza, hata Mwaustralia.

Niliupenda mchezo kupitia maswali. Aliyenivutia zaidi ni mwamuzi wa goli, yule anayesimama kati ya nguzo robo nzima. Goli likiingia huchukua vibendera viwili vyeupe akavipunga, na mwenzake wa mwisho mwingine wa uwanja hujibu kwa vyake. Nilitaka kujua huwaza nini mpira ukiwa mbali. Nilitaka kujua kwa nini ndege shakwe hukaa robo moja ya uwanja na si nyingine, na nani huwaambia. Baada ya misimu miwili nilikuwa naweza kutambua upepo wa kila uwanja kwa namna bendera za paa zilivyolala, na sijawahi kukanyaga Australia mpaka leo. Salma binti yangu, ambaye huelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza chote, alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba mama yake anafanya kazi ya kuangalia televisheni. Hakukosea sana.

Vifaa vyetu mngevicheka. Kulikuwa na pedali chini ya meza, kama ya cherehani. Ukiikanyaga kwa kisigino picha inarudi nyuma, ukiikanyaga kwa kidole inasonga mbele. Kibodi ilibandikwa vipande vya karatasi kwa mkono: teke, ngumi ya kupasia mpira, kudaka, kukaba. Tulikuwa na karatasi zenye mviringo wa uwanja na penseli, maana kompyuta ya siku zile ilikuwa ikichoka kabla yetu. Kifaa kilichonifaa zaidi kilikuwa kile nilichokivua. Bwana Gurdeep alinizoesha kufanya kazi bila vipokea sauti masikioni. Alisema watangazaji ni watu wazuri sana lakini wanajua mwisho wa sentensi kabla ya mwisho wa tukio. Ukiwasikiliza, utaona walichokisema.

Hata hivyo nilikosea, na nitaliandika kosa lenyewe kwa sababu hakuna aliyenilazimisha.

Ilikuwa mechi ya mvua. Mbali na mpira, pembeni mwa picha, namba saba alirusha mkono na mpinzani wake akaanguka. Nilirudisha mara tatu. Nikaandika katika maelezo kwamba namba saba amempiga mtu ngumi kwa makusudi, nikatuma, nikaenda zangu kupanda treni. Kule Australia maandishi yangu yalisomwa na wakubwa, na yule kijana akaitwa kujieleza. Alikaa siku nzima akijulikana kama mtu anayepiga watu kisirisiri. Kisha ikapatikana picha ya upande wa pili. Mpinzani alikuwa ameshika jezi yake. Namba saba alijinasua, mkono ukaruka hewani, na yule mwingine akateleza kwenye nyasi zilizolowa. Baina ya ngumi na shavu palikuwa na nafasi ya kupitisha kikapu.

Helen hakunigombeza. Aliiweka tu ile picha ya pili kwenye skrini yangu akaondoka. Ningependelea kugombezwa. Bwana Gurdeep alivuta kiti chake akakaa nami.

"Andika kile mkono umefanya," alisema. "Moyo yake wewe hukuona."

Niliandika sentensi hiyo kwenye karatasi nikaibandika chini ya skrini, na kwa miaka iliyofuata sikutuma neno "makusudi" hata mara moja.

Sasa nifike kwenye wikendi niliyokusudia kuisimulia. Timu sitaitaja, na rangi za jezi nitaziacha kabisa, maana ninyi mnazijua kuliko mnavyojua majina ya majirani zenu.

Mchezaji aliitwa Callum, jezi namba thelathini na moja, akiwa katika msimu wake wa pili. Wikendi ile goli lake ndilo lililokuwa habari. Alilipiga katika robo ya tatu kutoka pembeni kabisa mwa uwanja, karibu na mstari, kwa mguu wa kulia, na mpira ukapinda hewani kama umeitwa. Jumatatu asubuhi kila mtu ofisini alikuwa ameshaliangalia kwenye simu ndani ya treni. Helen mwenyewe aliliweka kwenye skrini kubwa ya ukutani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga, na si kwa sababu ya busara. Nilikuwa nimemsahihisha Callum msimu mzima uliotangulia, na yule kijana alikuwa wa mguu wa kushoto. Sikuwahi kumwona akitumia wa kulia hata alipobanwa na watu wawili. Nikajiuliza tu, tangu lini? Wakati huo ulikuwa udadisi mtupu.

Nikaomba mechi ile nipewe mimi. Robo ya kwanza mateke yake yote ni kushoto. Ya pili, kushoto. Robo ya tatu ilianza vilevile, halafu baada ya dakika kadhaa akapiga kwa kulia, akapiga tena kwa kulia, kisha goli lile, kulia. Nikarudisha nikaacha kuangalia mpira, nikamwangalia yeye. Siku ilikuwa ya mawingu mazito, lakini alikuwa amekinga macho kwa kiganja kama mtu aliyetoka gizani. Mpira ulipokuwa unapigwa kutoka golini, wachezaji wa kila timu walijipanga upande wao. Yeye akaenda kusimama katikati ya wapinzani, akakaa pale kwa muda kabla ya kuondoka. Na baada ya goli, uwanja mzima umesimama kwa ajili yake, aliwatazama watu wa jukwaani kama mtu aliyesalimiwa kwa jina la mwingine.

Nikamwita Bwana Gurdeep. Aliangalia mara moja, akaangalia tena, akavua miwani akaifuta. Tulihitaji kujua kilichotokea kabla ya teke la kwanza la kulia, na kamera zilikuwa zimefuata mpira, kama ilivyo kazi yao. Tulitafuta tangu saa tano asubuhi mpaka alasiri, kila mmoja na kamera zake. Aliyepata ni yeye, kwenye ile kamera pana iliyowekwa nyuma ya nguzo, ambamo wachezaji huonekana wadogo kama punje za mchele. Callum alikuwa ameinama kuokota kitu. Mpira ulishakwenda upande mwingine. Mpinzani aliyekuwa akikimbia kuufuata alipita, na goti lake likampata Callum upande wa kichwa. Akaanguka. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Akasimama akakimbia kama wengine. Hakuna aliyegeuka.

Nilimpelekea Helen. Alikaa, akaangalia kila kitu nilichomwonyesha, halafu akasema kwa sauti yake ileile ya maktaba kwamba sisi tunahesabu mateke. Mkataba wetu unatukataza kutoa maoni ya afya ya mchezaji. Kule wana madaktari wao, na daktari aliyekuwepo uwanjani hakuona tatizo. Kama tukisema kijana ameumia na kumbe hajaumia, tutapoteza kazi ya wikendi zote, sisi sote chumbani. Hakunikumbusha habari ya namba saba. Nilijikumbusha mwenyewe.

Nilirudi mezani kwangu. Jumanne asubuhi yao timu ile ingeingia mazoezini, mazoezi ya kugongana. Niliangalia saa, nikaangalia ile karatasi chini ya skrini. Bwana Gurdeep alikuwa amekaa mikono kifuani, na ndipo aliponieleza habari ambayo katika miaka yetu yote hakuwahi kuitaja. Kaka yake mkubwa alipigwa gongo la kichwa katika mechi Kisumu, wakiwa vijana. Alisimama, akamaliza mchezo, akafunga na bao. Jioni alikunywa chai na wenzake akacheka. Wiki ileile akapigwa tena, kidogo tu, mahali palepale. Tangu hapo hakuweza kusoma. Herufi zilikuwa zinamtembea. Mpaka leo, alisema, kila Jumapili humpigia simu Kisumu na kumsomea gazeti, kurasa za michezo kwanza.

"Sisi tuliona yeye anapiga chenga vibaya," alisema. "Sisi tulicheka."

Nikaandika. Sikuandika neno "ubongo", wala "kuumia", wala "kuchanganyikiwa". Niliandika kwamba namba thelathini na moja, dakika fulani, kamera fulani, goti la mpinzani lilimgusa kichwani upande wa kushoto na alikaa chini kwa hesabu ya nne. Kabla ya dakika hiyo mateke yake yote ni ya mguu wa kushoto. Baada yake matatu mfululizo ni ya kulia, na msimu uliopita wote hakupiga hata moja. Alikinga macho mara tano chini ya mawingu. Alisimama mahali pa wapinzani. Mistari saba, na hakuna uliosema kitu ambacho picha haikusema.

Helen alisoma akiwa amesimama. Aliuliza swali moja tu, kama kila mstari una dakika yake. Nikamwambia unayo. Akainama, akaandika jina lake chini ya langu, akatuma yeye mwenyewe. Kisha akaenda kuchemsha maji.

Jibu lilikuja kesho yake, kutoka kwa daktari wa timu. Aliandika kwamba kijana aliwaambia yuko sawa, na walikuwa wamemwamini. Baada ya kusoma mistari yetu walimketisha wakamwomba awasimulie robo ya tatu. Aliwasimulia vizuri sana mechi ya wiki iliyotangulia. Hataingia mazoezini. Mwishoni aliandika ahsante, na chini yake akaandika ahsante tena.

Mnajua safu ile ya mwisho kwenye fomu zenu, inayouliza kama mwenendo wa mchezaji umebadilika ghafla? Ilianzia hapo. Wateja waliiomba wenyewe kabla msimu haujaisha. Nimewahi kuwasikia mkiilalamikia kwamba inawachelewesha. Ni kweli, inachelewesha.

Lakini msidhani nilitembea kifua mbele. Callum alipimwa na kupimwa tena, akakosa msimu uliobaki, akajaribu kurudi, na kichwa kikakataa. Siku moja nilikuwa jikoni nikikata vitunguu, Salma akanisomea kwenye simu yake, kwa Kiingereza kama kawaida, kwamba yule mchezaji wa goli la mguu wa kulia ameacha mpira. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Niliendelea kukata, maana vitunguu humpa mtu sababu. Jumatatu nilimwambia Bwana Gurdeep kwamba sikumgonga mimi, najua, lakini mimi ndiye niliyesema. Alikubali. Hakujaribu kuniondolea, na hilo lilinisaidia kuliko kama angejaribu. Mwaka uliofuata yeye akastaafu, akaenda Kisumu miezi mitatu kusoma magazeti kwa mdomo bila simu.

Nilibaki. Jezi namba thelathini na moja alipewa mtu mwingine, wa mguu wa kulia, nami nikamsahihisha kama wengine.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ofisi ilipata barua. Callum alikuwa London. Vijana wengi wa kwao huja huku kutafuta kazi na kuiona dunia. Yeye alikuwa akifundisha michezo katika shule moja ya Barking. Yule daktari alikuwa amemwambia zamani kwamba maelezo yalitoka kwa mwanamke wa London anayeangalia video. Aliuliza kama anaweza kuja kukaa na mwanamke huyo saa moja. Helen aliniuliza kama nataka. Nilikaa siku mbili kabla ya kusema ndiyo.

Alikuja Jumatano asubuhi, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo fupi. Alikuwa mrefu kiasi kwamba magoti yake hayakuingia chini ya meza. Alinishukuru kwa haraka, kama mtu anayelipa nauli, halafu akasema alichokijia. Goli lake ameonyeshwa mara nyingi, kila mtu anayekutana naye analo kwenye simu. Analiona kama la mtu mwingine. Anachotaka ni dakika nyingine zilizobaki za robo ile, ambazo hakuna aliyewahi kumwonyesha na ambazo yeye hana kichwani. Alisema kwa muda mrefu aliogopa kumwona huyo aliyekuwa akicheza kwa niaba yake.

Nikamwekea, bila sauti. Tulipofika kwenye ile kamera ya nyuma ya nguzo nilimwonyesha kwa ncha ya penseli. Akasogea karibu.

"Hapo tu?" aliuliza.

"Hapo tu."

Akatikisa kichwa taratibu. Nadhani alitarajia kitu kikubwa zaidi. Tukaendelea. Nilimweleza teke baada ya teke, na mahali alipokinga macho, na mahali aliposimama na wapinzani. Alisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Kisha ghafla akaniomba nirudishe.

"Mwangalie namba kumi na mbili," alisema.

Nikarudisha. Namba kumi na mbili aliitwa Josh, alinieleza. Waliingia timuni pamoja na kuishi nyumba moja. Baada ya mechi ile Callum alimuuliza kama aliona jambo lolote siku hiyo, Josh akasema hakuona kitu. Walihama nyumba ile kila mtu na njia yake, na miaka sasa imepita hawajaongea.

Tuliangalia. Kila mchezo uliposimama, namba kumi na mbili alikuwa akija. Alimshika Callum kiwiko akamgeuza upande unaotakiwa. Ni yeye aliyemfuata akamtoa katikati ya wapinzani. Mimi niliandika kwamba Callum aliondoka. Baada ya goli, wenzao wakiruka, Josh alifika wa kwanza na hakuruka. Alimshika uso kwa mikono miwili akamtazama machoni. Akageuza kichwa kulitazama benchi lao, alipokuwa daktari. Akalitazama kwa muda. Kisha akatazama chini, akamwachia, na mchezo ukaendelea.

Robo ile nilikuwa nimeiangalia pengine mara hamsini. Namba kumi na mbili sikuwahi kumwona.

Callum aliniomba nirudishe mara nne. Aliniuliza kwa nini Josh hakuita mtu. Nikamwambia hilo video haijibu. Akaitazama ile picha iliyosimama, yeye na mwenzake, nyuso karibu. Halafu akauliza saa ngapi sasa Melbourne. Ilikuwa saa tano asubuhi kwetu. Nikamwambia kule ni saa mbili usiku, watu hawajalala. Akatoka na simu mpaka kwenye ngazi. Mlango haukufunga vizuri, kama mnavyoujua, nikasikia mwanzo.

"Josh, ni mimi. Niko London, naangalia robo ya tatu." Akasikiliza. "Hapana, si mimi. Nimekuona wewe."

Nikainuka nikausukuma mlango mpaka ukafunga.

Alikaa nje zaidi ya nusu saa. Helen alipita, akatazama kiti kitupu, akaniletea kikombe cha maji ya moto bila kuuliza. Callum aliporudi alikuwa amenawa uso na nywele za mbele zimelowa. Alikaa, akayapachika magoti yake pembeni mwa meza. Alisema Josh aliogopa kwamba akimtoa uwanjani katika mchezo mzuri kuliko yote ya maisha yake, hatasamehewa. Kesho yake aliogopa kusema kwamba alijua. Baada ya hapo kila siku ilifanya iwe vigumu zaidi. Josh amemwambia kwamba amekuwa akiisubiri simu hii miaka yote.

Nikamuuliza kama nizime. Akafikiri.

"Robo ya nne nilicheza?"

"Yote."

"Na yeye alikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, kwa sababu sikumwangalia. Akavuta kiti karibu na skrini. Nikaiweka robo ya nne tangu mwanzo, na safari hii tukamfuata namba kumi na mbili.